NCHI IKITOKA KATIKA SOKO LA PAMOJA, MFANYAKAZI HUPATA NINI?

(Haya ndiyo maneno yaliyosomwa na Halmashauri ya Elimu katika darasa la wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku ile.)



Twajua wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na macho ni mazito, kwa hiyo hatutapoteza wakati kwa maneno ya mapambo.

Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja, dereva wa lori wa siku nyingi, alisimama akatoa hoja. Alisema kwamba kila siku tunaambiwa Jumuiya, Jumuiya, lakini mpakani dereva analala siku tatu chini ya lori lake, na ng'ambo ya pili ndugu zetu wenye vibanda wanaambiwa wafunge. Basi chama kiiambie Serikali nchi yetu itoke katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kila mtu akae na mambo yake. Watu wengi walimpigia makofi. Mwenyekiti aliamua kwamba hoja ile isipigiwe kura siku ile, ila Halmashauri ya Elimu iende ikachunguze kwanza: nchi iliyotoka katika soko la namna hii ilipata nini, na ilipoteza nini? Leo tumekuja kutoa jibu, na kura itapigwa mkutano ujao.

Hatukuja kumkemea dereva wetu. Uchungu wake ni wa haki. Mwezi wa Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza watu wasio raia kufanya biashara ndogo za namna 15, na Wakenya wengi walioishi huko kwa kutengeneza simu au kunyoa nywele waliguswa. Mtu akikanyagwa mguu lazima apige kelele. Lakini kelele ni jambo moja, na kuvunja nyumba ni jambo jingine. Kabla hatujashika nyundo, tutazame nyumba ya jirani aliyekwisha kuivunja.

Jirani huyo ni Uingereza. Tumemchagua yeye kwa sababu mambo yake yameandikwa wazi, na kwa sababu maua na mboga mnazofunga kwa mikono yenu hufika sokoni kwake.

SOKO LA PAMOJA NI KITU GANI?

Watu huchanganya mapatano ya namna tatu. Ya kwanza ni nchi kuondoleana ushuru wao kwa wao tu, huku kila moja ikibaki na ushuru wake kwa mali ya kutoka mbali. Hapo lazima karani wa forodha akae mpakani aulize: mali hii ilitengenezwa wapi? Maana asipouliza, mjanja ataingiza nguo za nchi za mbali kwa mlango wenye ushuru mdogo, kisha atazipitisha kwa jirani bila kulipa kitu.

Ya pili ni umoja wa forodha. Hapa nchi zote zinatoza ushuru ule ule kwa mali ya nje. Mali ikiisha kulipiwa mlango mmoja, imelipiwa milango yote, na karani wa ndani hana haja ya kuuliza ilizaliwa wapi.

Ya tatu ni soko moja hasa. Juu ya ushuru, masharti ya mali yenyewe yanakuwa mamoja: nyama ikaguliwe vipi, dawa ya mboga iwe kiasi gani, mashine iwe na kinga gani. Tena mfanyakazi anaruhusiwa kuvuka kwenda kutafuta kazi.

Nchi 6 za Ulaya zilianza kwa Mapatano ya Roma ya mwaka 1957. Zikamaliza umoja wa forodha mwaka 1968, na soko moja likafunguliwa tarehe 1 Januari 1993. Uingereza iliingia tarehe 1 Januari 1973, pamoja na Ireland na Denmark. Sisi hapa umoja wetu wa forodha ulianza mwaka 2005, na soko la pamoja Julai 2010. Twasema haya ili mjue kwamba mtu akisema "tutoke", lazima mmwulize: tutoke katika nini? Maana kila mlango wa kutokea una gharama yake.

WAINGEREZA WALIVYOTOKA

Tarehe 23 Juni 2016 watu wa Uingereza walipiga kura. Waliotaka kutoka walikuwa asilimia 51.9, na waliotaka kubaki asilimia 48.1. England na Wales zilitaka kutoka. Scotland na Ireland ya Kaskazini zilitaka kubaki.

Msidhani kwamba waliotaka kutoka walikuwa wajinga. Wengi walikuwa wafanyakazi kama sisi, watu wa miji ambayo migodi na viwanda vyake vilifungwa zamani na hakuna aliyekuja kuwauliza hali. Tena mwaka 2004 nchi za Ulaya ya Mashariki ziliingia katika Umoja, na Uingereza ilikuwa moja ya nchi chache zilizowafungulia wafanyakazi wao mlango siku ile ile. Wako matajiri walioitumia nafasi ile kuajiri vibarua kwa masharti mabaya. Mtu wa kawaida aliona mgeni, hakumwona tajiri aliyesimama nyuma yake.

Hata vyama vya wafanyakazi havikuwa na neno moja. Katika kura ya mwaka 1975 shirikisho lao kubwa, TUC, lilitaka nchi itoke. Mwaka 1988 Jacques Delors, mkuu wa Halmashauri ya Ulaya, alikwenda kuzungumza katika mkutano wao akawaahidi kwamba soko litakuja pamoja na haki za wafanyakazi, na tangu hapo wengi waligeuka. Mwaka 2016 TUC ilitaka nchi ibaki, lakini chama cha RMT cha watu wa reli na meli, kile cha ASLEF cha madereva wa garimoshi, na kile cha waokaji mikate, vilitaka kutoka. Basi tukitofautiana sisi hapa, si aibu. Aibu ni kutofautiana bila kusoma.

Baada ya kura ikawa shida. Kuuliza "mwataka kutoka?" ni rahisi, kujibu "kutoka kwa namna gani?" kuliwashinda. Waziri Mkuu David Cameron alijiuzulu. Theresa May alileta mapatano yake Bungeni, yakakataliwa mara tatu mwaka 2019, naye akaondoka. Boris Johnson ndiye aliyeitoa nchi tarehe 31 Januari 2020, na muda wa mpito ukaisha tarehe 31 Desemba 2020. Mapatano mapya ya biashara yalikubaliwa tarehe 24 Desemba, siku 7 tu kabla ya mwisho. Fikirini ninyi makarani wa bandari: kuambiwa siku ya mkesha wa Krismasi kwamba baada ya wiki moja kazi yenu yote itabadilika!

LORI MBELE YA LANGO

Mapatano yale yaliondoa ushuru kwa mali iliyotengenezwa pande hizo mbili. Wanasiasa wakashangilia wakasema, hakuna ushuru, basi hakuna shida. Lakini ninyi mnajua, na dereva wetu anajua kuliko sisi, kwamba ushuru si jambo pekee linalosimamisha lori. Kinachosimamisha lori ni karatasi.

Zamani lori lilitoka kiwandani England likapanda meli Dover, likashuka Calais, likaendelea mpaka Hispania bila maandishi ya forodha. Kuanzia Januari 2021 lilihitaji maandishi ya forodha ya kutoka, na maandishi ya kuingia. Kama mali ni nyama, samaki au maziwa, lilihitaji cheti kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo. Na ili kupata ile nafuu ya kutolipa ushuru, mwenye mali alipaswa kuthibitisha kwamba kweli imetengenezwa Uingereza. Mwenye kiwanda kikubwa aliajiri makarani akalipa. Mwenye karakana ndogo, aliyekuwa akiuza jibini au mavazi kidogo kidogo Ufaransa, alipiga hesabu akaona gharama ya karatasi inapita faida, akaacha kuuza huko. Wenye karakana za namna hiyo walikuwa wengi.

Kwa miezi ya kwanza dereva wa lori zito aliyekuwa akielekea Dover alipaswa kuwa na kibali hata cha kuingia jimbo la Kent, ndani ya nchi yake mwenyewe, na asiyekuwa nacho angeweza kutozwa pauni 300. Na upande wa Uholanzi televisheni ilionyesha maafisa wa forodha wakiwanyang'anya madereva mikate yao yenye nyama, kwa sababu nyama kutoka nje ya Umoja haikuruhusiwa kuingia. Watu walicheka. Lakini yule dereva alikuwa ametoka safari ndefu na kile kilikuwa chakula chake. Mpaka haupandi juu ya meza ya waziri. Unashuka katika mfuko wa chakula wa dereva.

Watu wa chaza na kome walipata pigo kubwa. Wengi wao huvua katika maji ambayo, kwa sheria ya Ulaya, mali yake lazima isafishwe kwanza ikiwa inatoka nchi ya nje. Siku nchi yao ilipokuwa ya nje, biashara ile ilisimama. Na wavuvi walikuwa katika mstari wa mbele wa wale waliotaka kutoka! Walikuwa wameahidiwa bahari yao yote. Walipewa sehemu kidogo kidogo kwa miaka mitano na nusu. Kisha mwezi wa Mei 2025 serikali yao ikakubali wavuvi wa Ulaya waendelee kuingia mpaka mwaka 2038.

Uingereza nayo ilipaswa kukagua mali inayoingia kwake, lakini ukaguzi wa mimea na nyama uliahirishwa mara nyingi, mpaka Aprili 2024. Sababu ni rahisi: nchi ikila chakula cha kutoka nje, kila siku lori linaposimama mpakani ni siku ambayo bei inapanda dukani. Mei 2025 pande zote mbili zilikubaliana kuanza kutafuta njia ya kupunguza ukaguzi huo. Yaani, baada ya miaka kadhaa ya kujenga ukuta, walikaa tena kitako kuzungumza jinsi ya kutoboa dirisha.

MPAKA WA IRELAND

Sasa twaomba msikilize kwa makini, maana hapa ndipo penye fundisho kubwa.

Kisiwa cha Ireland kina nchi mbili. Sehemu ya kaskazini ni ya Uingereza, na sehemu nyingine ni jamhuri huru iliyobaki katika Umoja wa Ulaya. Mpaka wao ni wa kilomita 500 hivi, na barabara zinazouvuka ni zaidi ya 200. Unapita katikati ya mashamba, na mahali pengine mtu ana nyumba upande huu na ng'ombe upande ule. Ni kama Busia, au Namanga, ambako mama hununua unga upande mmoja na sukari upande mwingine.

Mpaka ule una historia ya damu. Kwa miaka 30 hivi watu wa kaskazini walipigana, waliotaka kubaki na Uingereza na waliotaka kisiwa kiwe kimoja, na zaidi ya watu 3,500 waliuawa. Vituo vya forodha vilitiwa mabomu, askari walijenga minara juu ya vilima. Tarehe 10 Aprili 1998 walipatana, na baadaye minara ikabomolewa. Na kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa katika soko moja la Ulaya, karani wa forodha hakuwa na kazi tena pale. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakujua mpaka uko wapi, ila kwa kuona alama za barabarani zimebadilika. Maziwa yakawa yanakamuliwa kaskazini na kusindikwa kusini. Kama theluthi moja ya maziwa ya kaskazini huvuka hivyo.

Uingereza ilipotaka kutoka, ilisema mambo matatu kwa mdomo mmoja. La kwanza, tunatoka katika umoja wa forodha na soko moja. La pili, hatutaweka mpaka wa forodha katikati ya kisiwa cha Ireland. La tatu, hatutaweka mpaka wa forodha baharini kati ya kaskazini na sehemu nyingine za nchi yetu. Ndugu, mambo haya matatu hayakai katika kikapu kimoja. Waweza kuchukua mawili, lolote la tatu litaanguka. Ukitoka, lazima karani akae mahali fulani. Asipokaa nchi kavu atakaa bandarini.

Walijaribu kukataa hesabu hii kwa miaka mitatu. Mwisho wakakubali karani akae bandarini. Mali inayotoka England kwenda Belfast au Larne ikaanza kukaguliwa, ingawa inatoka sehemu moja ya nchi kwenda sehemu nyingine ya nchi ile ile, kwa sababu ikiisha kufika Ireland ya Kaskazini hakuna wa kuizuia isiingie Ulaya. Wale wanaojihesabu Waingereza kule kaskazini wakaona wametupwa. Februari 2022 chama chao kikubwa kikajitoa katika serikali ya jimbo, na serikali ile ikakaa bila kufanya kazi kwa miaka miwili, mpaka Februari 2024. Mwaka 2023 yalifanywa mapatano mapya, yale ya Windsor: mali ya kubaki kaskazini ipite njia ya kijani yenye karatasi chache, na mali ya kwenda Ulaya ipite njia nyekundu. Nafuu ilipatikana, lakini karani hakuondoka.

Na madereva je? Zamani malori ya Ireland yalikatiza England kufika Ufaransa. Baada ya Januari 2021 mengi yaliiepa njia hiyo yakapanda meli Rosslare moja kwa moja mpaka Ufaransa. Bandari ya Rosslare ikafurahi. Bandari ya Holyhead katika Wales, ambayo watu wake waliishi kwa malori yale, ikapungukiwa na kazi. Mizigo haina uzalendo. Ikiona njia imejaa miiba hutafuta njia nyingine, na kuli aliyezoea kuipakua hubaki gatini mikono mitupu.

KAZI NA MISHAHARA

Mwenzetu atauliza: je, wageni walipoondoka, mishahara haikupanda? Ni swali la haki, na jibu letu halitakuwa la upande mmoja.

Mwaka 2021 Uingereza ilipungukiwa sana na madereva wa malori. Sababu zilikuwa kadhaa: ugonjwa wa Korona ulisimamisha mitihani ya udereva, mishahara ilikuwa duni kwa muda mrefu, na madereva wengi wa Ulaya walikuwa wamerudi kwao. Mwezi wa Septemba motokaa zilipanga foleni kwenye vituo vya petroli, na mwezi wa Oktoba askari wa jeshi waliendesha malori ya mafuta. Serikali ikatangaza visa 5,000 za muda kwa madereva wa nje. Ni kweli mishahara ya madereva ilipanda wakati ule, na sisi hatutakanusha. Mfanyakazi akiwa adimu, tajiri hukumbuka adabu.

Lakini tazameni kilichofuata. Mlango wa Ulaya ulipofungwa, tajiri hakuacha kutafuta mikono ya nje. Alifungua mlango mwingine. Mashambani waliletwa watu wa msimu kutoka nchi za mbali zaidi, wenye visa iliyofungwa kwenye kazi, wengine wakiwa wamekopa fedha za safari. Hesabu ya watu walioingia nchini kuwazidi waliotoka haikupungua; katika mwaka ulioishia Juni 2023 ilipita 900,000. Tofauti ni hii: mtu wa Ulaya aliweza kumwacha mwajiri mbaya leo na kupata mwingine kesho, kwa kuwa ruhusa yake ya kuishi haikutegemea mwajiri. Mtu wa visa akifukuzwa, ruhusa yake nayo inatikisika. Ni yupi kati ya hao aliye rahisi kuingia katika chama cha wafanyakazi? Jibu mnalo.

Tena kuna haki. Kabla ya mwaka 1998 Uingereza haikuwa na sheria ya jumla ya kumpa kila mfanyakazi likizo yenye mshahara. Sheria ile ilipokuja ilitokana na amri ya Ulaya ya mwaka 1993 juu ya saa za kazi. Sheria yenyewe ilibaki baada ya kutoka, lakini ukuta uliokuwa nyuma yake uliondolewa. Sasa Bunge lao peke yake linaweza kuongeza, na Bunge hilo hilo linaweza kupunguza.

Kuhusu mali ya nchi nzima, ofisi yao ya kukadiria bajeti imekuwa ikikisia kwamba kwa muda mrefu uzalishaji utakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama wangebaki. Ni makisio, si pesa zilizohesabiwa mezani. Kwa upande wa pili, walipata uhuru wa kupatana na nchi nyingine wenyewe. Na mwaka 2025 Marekani ilipoweka ushuru mpya, Uingereza ilitozwa asilimia 10 kwa mali nyingi, nayo Ulaya ikaishia 15. Hiyo ni faida, tuiandike. Lakini soko la mlangoni pako haliwi sawa na soko la ng'ambo ya bahari.

MAUA YETU

Msidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao. Uingereza ilipotoka, ilitoka pia katika utaratibu wa Ulaya ulioruhusu maua, maharagwe na matunda ya Kenya kuingia kwake bila ushuru. Wenzetu wa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi walikuwa na kinga, maana wamo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, na nchi hizo hazitozwi ushuru. Kenya haimo katika orodha hiyo. Ilibidi ikimbie kutafuta mapatano yake, yakatiwa sahihi London tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu tu kabla mlango haujafungwa, yakaanza kazi Machi 2021.

Wazee wa mashamba ya maua wanajua hatari ile ilikuwa nini, kwa sababu waliionja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014 mpaka siku za Krismasi mwaka ule, maua ya Kenya yalitozwa ushuru Ulaya kwa sababu mapatano ya Jumuiya yetu na Ulaya yalichelewa. Ushuru ukiwekwa Brussels, wa kwanza kuusikia ni mama anayepanga waridi Naivasha, anapoambiwa leo hakuna saa za ziada.

Na kutoka kwa mmoja huwayumbisha wengine. Mwaka 2016, baada ya kura ya Waingereza, Tanzania ilikataa kutia sahihi mapatano ya Afrika Mashariki na Ulaya, na moja ya sababu ilizotoa ni kwamba Uingereza inaondoka. Kenya na Rwanda zilitia sahihi, wengine wakakaa. Mwisho Kenya ilipatana na Ulaya peke yake, Desemba 2023, na mapatano yakaanza tarehe 1 Julai 2024.

SISI WENYEWE TULIKWISHA KUONJA

Ndugu, tumezungumza habari za Dover na Belfast, lakini wako wazee humu ndani wasiohitaji kupelekwa mbali. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 1967, ilikufa mwaka 1977. Shirika la ndege la pamoja lilisimama, reli ikagawanywa vipande. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ule ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Malori ya Kenya yaliyopeleka mali Zambia yalikosa njia. Kugawana mali ya Jumuiya kulimalizika kwa mapatano ya mwaka 1984. Na wafanyakazi wa Jumuiya ile, makarani, mafundi wa reli, watu wa posta? Wako waliodai haki zao mahakamani miaka na miaka, mpaka wengine wakafa kabla hawajalipwa.

Kisha nchi zile zile zilirudi kukaa pamoja na kutia sahihi mapatano mapya tarehe 30 Novemba 1999. Walivunja, wakakaa zaidi ya miaka 20, wakajenga tena. Aliyelipia miaka ile si waliokuwa wakigombana.

MANENO YA MWISHO

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi wa Halmashauri tumesoma hayo yote, na shauri letu ni hili.

Hoja ya dereva wetu ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni malalamiko: siku tatu mpakani, na raia wetu kufungiwa vibanda. Sehemu hiyo ni kweli tupu, na yafaa chama kiishike kwa mikono miwili. Sehemu ya pili ni dawa: tutoke. Dawa hiyo, kwa tulivyoona, huongeza ugonjwa ule ule. Anayeumizwa na foleni ya siku tatu hataponywa kwa kuongezewa karani mwingine na karatasi nyingine. Nchi ikitoka, Malaba haitakuwa nyepesi, itakuwa nzito. Uganda na Tanzania ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa mali ya Kenya, na mizigo ya Uganda inayoshuka Mombasa inaweza kutafuta njia nyingine, kama malori ya Ireland yalivyoikimbia Holyhead.

Kwa hiyo twapendekeza hoja ibadilishwe isomeke hivi. Kwanza, chama kidai kwamba mapatano yaliyokwisha kutiwa sahihi yafuatwe, na raia wa nchi moja asifungiwe kazi katika nchi nyingine kwa amri ya ghafla. Pili, kidai vituo vya mpakani viwe na watu wa kutosha usiku na mchana, na mahali pa dereva kulala, kuoga na kula. Tatu, kidai kwamba chama cha wafanyakazi kiwe na kiti mezani kila yanapozungumzwa mapatano ya biashara, maana mpaka sasa matajiri wanaitwa na sisi tunasoma gazetini. Nne, tuandikiane barua na vyama vya wenzetu wa Uganda na Tanzania, kwa sababu dereva wa Tanzania anayelala Namanga ana mbu wale wale wanaomwuma dereva wetu.

Madereva wote twawaomba jambo moja kabla ya mkutano ujao. Kila mtu aandike katika karatasi: siku niliyofika mpakani, saa niliyofika, saa niliyoondoka, na sababu niliyopewa. Mpeni katibu wa tawi. Tukienda mbele ya wakubwa na hasira peke yake watatupa chai na kuturudisha nyumbani. Tukienda na karatasi 200 zenye tarehe na saa, watalazimika kujibu.

Kura ni yenu. Wenzetu wa Uingereza walipiga kura kwanza, kisha wakaanza kuuliza maana yake. Sisi tuulize kwanza.